Njia ya Mama ya Kwenda mu Lenga-lenga

Pwaa! Halafu beseni ya plastiki ikazunguka yenyewe juu ya matope, krrr, krrr, mpaka ikachoka. Bado naisikia. Mama alikuwa ameteleza kati ya mlango wa jikoni na kashamba kake ka mboga za lenga-lenga, hapa Kibua, mu Walikale. Mguu ulipona, woga haukupona. Hakuweza tena kufika shambani bila mimi kumshika mkono, na mwanamke aliyelima vilima vya Masisi tangu utoto hapendi kushikwa. Mwishowe akaacha kutoka. Alisema tu, "Enda ukate mboga," akageuza uso.

Mimi siwezi kukaa na jambo kama hilo. Nikaanza kuota njia ya dale, zile sahani nene za beton, zege ya kutandika chini, Mama akipita juu yake na kitenge kipya, kichwa juu, kama bibi ya minisitre. Jirani yetu ni fundi wa kujenga. Nikambebea mchanga wa mtoni wiki mbili, akanipa dale kumi na mbili na simenti.

"Nikuje nikusaidie?" fundi akauliza.

"Aa, Papa, nitaweza."

Nilikuwa na haraka. Tena mikono yangu inajua potopoto, matope ya ukuta. Kwetu kila msichana amekandika nyumba. Basi nikachanganya mchanga, simenti na maji mengi, laini ya kupaka ukuta. Nikaweka donge kwa kila pembe, nikalaza dale juu. Kufika saa sita nilikuwa nimemaliza zote, nikacheza peke yangu mu parseli, pale uani.

Kesho yake nikakanyaga ya kwanza, ikayumba. Ya tatu ikainua pembe kama mtu anayeamka. Mama alikuwa mlangoni.

"Hiyo njo njia yangu? Matope ya Walikale iliniangusha bure. Sasa mutoto wangu ataniangusha na simenti."

Alicheka, lakini akarudi ndani. Kicheko kile kiliniuma. Nikakimbia kwa fundi.

Akaja, akapitisha kidole chini ya dale.

"Dada, ulikuwa unakandika nyumba ao unaweka dale?"

"Nilikuwa na haraka, Papa."

"Katikati iko wazi. Pahali iko wazi, dale itacheza. Na maji yote hii! Ulitaka kupika buyi ya watoto kunywa?"

Tukang'oa zote, nikakwangua kwa panga simenti iliyoshika matumboni. Safari hii beseni nne za mchanga, moja ya simenti, na maji ya kunyunyiza tu.

"Kaza mu mukono," akasema. "Ikibakia boule, donge moja, bila kutoa maji, njo yenyewe."

Tukaitandaza njia nzima, unene wa vidole vitatu, tukaishindilia, tukaisawazisha kwa ubao, ikiinama kidogo ili mvua ijiendee upande wa migomba. Kila dale ikalala juu yake tumbo zima, nikaigonga taratibu kwa kipande cha mti.

"Siku tatu mutu asikanyage," fundi akasema. "Hata wewe. Zaidi wewe."

Siku tatu! Nilifagia palipofagiwa. Nilifukuza kuku, mbuzi, na hata mchungaji wa kanisa aliyekuja kumsalimia Mama. Mvua ikinyesha nilikimbia kufunika kwa majani ya migomba, ikiacha nilikimbia kufunua nichungulie. Kama zingeyumba tena, Mama asingetoka tena, hilo nililijua.

Asubuhi ya nne alitokea mlangoni. Nikamrukia nimshike.

"Achilia mukono yangu."

Nikaachia. Akaweka mguu juu ya dale ya kwanza, akangoja. Ikatulia. Akaweka wa pili. Mimi nyuma, kila akiinua mguu na wangu unainuka.

"Unanipumulia mu shingo. Enda huko!"

Nikaingia jikoni. Sikuweza kuketi, sikuweza kuchungulia. Nikasimama katikati ya moshi, nimeuma kucha. Mara sauti yake ikaja, ikitokea mbali, kule mwisho wa njia, mu lenga-lenga:

"Ni nani alipalia hapa? Muntu ao kuku?"

Nilifunua sufuria ya maharagi nikaanza kuyakoroga, na yalikuwa yameiva zamani.