Bega Liliuma, Damu Ilikuwa Tumboni

Wazazi wangu, na ninyi watoto mulioketi chini na kimono zenu nyeupe, mimi naitwa Zaina. Wengi munanijua, ni mimi nauzisha chumvi na sabuni pale karibu na soko. Mwalimu wa karate ameniomba niwaelezee vile nilikaribia kufa, kabla hamujaandikisha watoto wenu. Akaniambia, "Zaina, uongee polepole, usiwaogopeshe." Nitajaribu. Lakini mimi si mutu wa polepole, na habari yenyewe haiko ya polepole. Mama yangu yule pale karibu na mulango. Nilimuomba ruhusa ya kusema yote, akaitika kwa kichwa tu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, hapa hapa Lusangi. Nilikuwa na nguvu, jamani! Asubuhi nachota maji, nalima karanga pamoja na Mama, mangaribi niko kwenye kiwanja cha shule na wenzangu wa karate. Papa alikuwa anachimba zahabu kule Salamabila na ndiye alitaka niingie. Alisema mutoto mwanamuke ajue kujikinga njiani. Mimi nilipenda karate kupita kula. Nilikuwa napiga mateke kwenye mugomba nyuma ya nyumba mpaka Mama anatoka jikoni na mwiko mukononi: "Zaina! Ule mugomba umekukosea nini?"

Kulikuwa zoezi moja tuliita kukomaza tumbo. Tunalala chali kwenye majani, bega kwa bega, tunakaza tumbo, na mumoja anapita mbio juu ya matumbo yetu toka mwanzo mpaka mwisho. Ukisema "ai", munaanza upya wote, na wenzako wanakuchukia siku ile. Wazazi walikuwa wanakuja kutazama. Walipiga makofi. Mama naye alipiga makofi. Hakuna mutu aliona ubaya, tuliona ni vile watoto wanakuwa wagumu.

Basi, mwaka ule malaria ikanishika vibaya. Nilitetemeka mpaka kitanda kinalia, nikatapika maji ya manjano, machungu. Nilimeza dawa zote. Joto likashuka, kichwa kikapoa. Lakini upande wa kushoto, chini ya mbavu, kulibakia uzito, kama nimebeba kitu ndani. Nikila bugali kidogo tu, nimeshiba. Nilimwambia Mama. Akanigusa paji la uso, akasema, "Joto limekwisha. Ni ugonjwa umebakia mwilini. Lazima utoke na jasho."

Munacheka? Mucheke. Munajua vizuri kwamba hapa kwetu malaria haijaisha mpaka mutu ametoka jasho. Huyu wanamufunika blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto, yule wanamupa jembe. Mimi nilikuwa na karate. Mama aliona ni dawa ya bure: "Enda kwa mazoezi, ukimbie, utoke jasho mingi, utarudi muzima." Na mimi mwenyewe nilitaka kwenda. Mutihani wa mukanda ulikuwa unakaribia, na Papa alikuwa ameahidi kushuka toka Salamabila kuja kunitazama. Nani angenizuia?

Nilikimbia, nikatoka jasho kweli. Kisha mwalimu akatuambia tulale chini. Aliyepita juu yetu siku ile ni Ramazani, kijana munene, rafiki yangu. Alipofika kwangu majani yalikuwa na maji, muguu wake ukateleza toka katikati ya tumbo ukaanguka kushoto, mahali pale pa uzito. Nilisikia kitu ndani kimeachia. Pumzi ilikatika. Sikusema "ai". Nilisimama, nikainama kwa heshima kama kawaida, nikaendelea. Wenzangu wakaniambia nimekuwa mugumu sana. Nilijisikia shujaa. Shujaa wa bure!

Kesho yake niliamuka na maumivu ya bega la kushoto. Tumbo liliuma kidogo tu, lakini bega lilikuwa linaniua, zaidi nikilala. Nikikaa linapoa, nikilala linarudi. Kila mutu aliniuliza, "Wapi?" Najibu, "Hapa, kwenye bega." Basi wote wakatibu bega. Mama alikanda na mafuta ya mawese ya moto, akafunga kitambaa cha maji ya chumvi. Nikamwambia, "Mama, haipoi." Akasema, "Utulie, ni mushipa."

Akaita mwalimu. Mwalimu alishika bega, akalizungusha, akasema, "Limetoka mahali yake. Nitalirudisha." Akanilalisha chini, akaweka kisigino kwenye kwapa langu, akavuta mukono kwa nguvu zake zote. Huko tumboni kitu kikamwagika, moto, mpaka kwenye kinena. Nililia kwa mara ya kwanza. Mwalimu akamwambia Mama, "Ni vizuri, akilia ni ishara limeingia."

Mwalimu, usiangalie chini. Ni wewe uliniita niongee.

Papa akapiga simu, Mama akamuelezea habari ya bega. Mutandao ulikuwa unakatika, lakini hii niliisikia sawasawa: "Mutu wa karate analia juu ya bega? Aka! Wachimbaji wenzangu watanicheka." Alikuwa anatania. Mimi nilicheka kidogo kumufurahisha, na kicheko kilinichoma tumbo lote.

Kufikia mangaribi nilikuwa na kiu isiyoisha. Nakunywa maji, natapika, naomba mengine. Jasho lilinitoka, lakini lilikuwa jasho la baridi. Mama akafurahi kidogo: "Unaona? Jasho limekuja." Nilisimama niende chooni, macho yakaingia giza, nikaanguka kwenye mulango. Mama akanigeuza uso. Akavuta chini ngozi ya jicho langu, vile akina mama wote wanafanya kwa mutoto mudogo wakitaka kujua kama ana damu. Ilikuwa nyeupe kabisa. Akaangalia ulimi, mweupe. Akaangalia viganja. Akaweka mukono tumboni na akakuta limekaza na limevimba. Sikuwahi kusikia Mama akilia vile. "Mwanangu hana damu! Damu imekwenda wapi?"

Akaita pikipiki. Walinikalisha katikati, dereva mbele, Mama nyuma amenikumbatia. Barabara ya kwenda hospitali ya Kasongo munaijua, sina haja ya kuieleza. Kila shimo nilisikia kisu kwenye bega. Mama alikuwa ananisemesha kwenye sikio, "Zaina, jibu. Zaina, jibu jina lako." Nilijibu mpaka sikuweza tena. Nakumbuka niliwaza kwamba Papa atakuja kwa mutihani na hatanikuta, na nikamuonea huruma.

Hospitalini munganga alikuwa mwanaume mufupi wa sauti ya chini. Mama akamuonyesha bega. Munganga hakuligusa sana. Alibonyeza tumbo upande wa kushoto, nikaruka. Akapitisha mashine ya kutazama ndani, kisha akauliza, "Huyu mutoto alipata malaria karibuni?"

"Ndiyo, lakini imepona," Mama akasema.

"Na nani alimupiga tumboni?"

"Hakuna mutu alimupiga. Ni mazoezi tu."

Munganga akaeleza kwa haraka. Kuna kanyama ndani, kushoto, chini ya mbavu. Sisi tunasema bandama. Malaria inakavimbisha, kanakuwa kakubwa na laini, na joto likiisha kenyewe kanabakia kamevimba kwa muda. Muguu mumoja unatosha kukapasua. Kalianza kutoka damu polepole, kisha kakafunguka. Na damu ikijaa pale juu tumboni, mutu anasikia maumivu kwenye bega. "Bega lake ni zima kabisa, Mama. Tukichelewa anakufa. Tunapasua sasa."

Walitafuta damu. Ya Mama haikukubaliana na yangu. Mwalimu alikuwa ametufuata na pikipiki ingine. Walimupima, yake ikakubali. Akanyoosha mukono ule ule alionivuta nao. Nimewaza sana juu ya hii, na mpaka leo sijui niseme nini. Asante, Mwalimu. Na hasira yangu nayo haijaisha yote. Vyote viwili ni kweli.

Nilipoamuka nilikuwa na kidonda kilichoshonwa toka chini ya kifua mpaka kwenye kitovu, na bandama haikuwapo tena. Walikuwa wameikata yote. Kukohoa ilikuwa azabu. Nilikumbatia muto juu ya tumbo ndipo nikohoe. Kila asubuhi muuguzi anauliza mbele ya watu wote, "Zaina, umejamba?" Eti nisipojamba sitakula. Mimi binti wa miaka kumi na mitano! Siku niliyojamba, wagonjwa wa chumba kizima walipiga makofi, na bibi mumoja wa kitanda cha pembeni akapiga vigelegele. Niliona haya mpaka nikajifunika shuka. Lakini ule uji wa siku ile, sijawahi kuonja kitu kitamu kama ule.

Papa alifika na matope ya njia mpaka kwenye magoti. Alinitazama, akageuka, akapandisha sauti: "Nani alituma mutoto mugonjwa kwa mazoezi?"

Mama akajibu, "Ni mimi."

Mwalimu akasema, "Mimi ndiye nilimulalisha chini."

Papa akakaa kwenye kitanda changu, akafunika uso, akasema, "Na mimi nilicheka." Walikaa watatu hivyo, hakuna mutu wa kumulaumu mwenzake. Mimi nilitaka kuwatuliza, lakini nilikuwa nimechoka, nikalala.

Nilipona. Kidonda kilifunga, nguvu zikarudi, leo nabeba mufuko wa chumvi peke yangu. Lakini nisiwadanganye kwamba ilikwisha. Mutu asiye na bandama hana ulinzi mwingi. Munganga alinipa chanjo, akaniambia nisilale hata siku moja bila chandarua, na akanishika mukono aseme hii: "Wengine wanaweza kungojea waone kama joto litashuka. Wewe hapana. Joto likikushika, acha kila kitu, kimbia kwa munganga. Kwako linaweza kuua kwa siku moja." Ndivyo naishi. Mama ananigusa paji la uso kila asubuhi, mimi mutu mukubwa, mbele ya wateja. Zamani nilimkasirikia. Tulishagombana mpaka majirani wakaingia kati. Siku moja akaniambia, "Uniache nikuguse. Siku ile niligusa nikaona hakuna joto, nikakutuma." Tangu hapo namuacha.

Namushukuru Mungu, namushukuru munganga na wauguzi, namushukuru dereva wa pikipiki aliyeendesha machozi yakimutoka. Sijakuja kuwafukuza watoto kwenye karate. Ramazani anafundisha wadogo sasa, na hakuna mutu anakanyaga tumbo la mutoto tena hapa. Lakini ninyi wazazi, mutoto akitoka kwa malaria, musimutume akatoe jasho kwenye mateke. Mumupeleke kwanza munganga ashike tumbo lake, aseme bandama imerudi mahali yake, hata kama mutihani ni kesho, hata kama baba ametoka mbali. Mutoto akianguka halafu bega la kushoto linamuuma, musikande, musivute. Muangalie tumbo. Na ninyi watoto, kusema "ai" si aibu. Mwalimu wenu amekubali mbele yangu kwamba atakayesema "ai" atakaa pembeni na hakuna mutu atamucheka. Si ndiyo, Mwalimu? Sema kwa sauti wasikie.

Mulikuwa na maswali, na nilikuwa nimejitayarisha kuwaonyesha vile wanabonyeza tumbo. Lakini munisamehe. Tangu nusu ya maneno haya mimi nasikia baridi, na si baridi ya hewa, maana ninyi wote munajipepea. Nilisema moyoni, nimalizie tu, wazazi wametoka mbali kunisikiliza. Mama amekwisha kusimama, ameiona usoni mwangu. Maswali mumuulize Mwalimu. Kituo cha afya hakiko mbali na munganga bado yuko.

Mama, kuja ushike kichwa changu. Ndiyo, ni joto. Twende sasa hivi.