Zeze la Shangazi Elena

Juzi, katika hoteli moja ya watalii hapa Karatu, nilimsikia binti akiimba kwa gitaa nyimbo alizotunga mwenyewe. Nikamkumbuka Shangazi Elena wa Ganako, aliyetunga zake kwa zeze na kuitwa kwenye kila harusi, hadi mwanawe mchanga alipofariki.

Kwa mila yetu sisi Wairaqw, nyumba iliyofiwa hivyo ilitengwa kwa miezi. "Usiguse kitu chake chochote," mama alinionya. Mimi, nikiwa bado mtoto, nilidhani mkosi ulisafiri ndani ya sauti yake.

Alasiri moja hewa ilinuka majani ya mbaazi na udongo uliolowa. Shangazi aliketi nyuma ya nyumba akimwimbia marehemu wimbo mpya, polepole, kama anayembembeleza alale. Nilimpokonya zeze, nikalivunja juu ya jiwe la kusagia.

"Nyamaza, mchawi! Utatuua sote!"

Hakunipiga. Alitazama vile vipande, kisha mikono yangu.

"Umegusa vitu vyangu, mwanangu. Nenda mtoni ukanawe, na usimwambie mtu, wasije wakakutenga na wewe."

Sikunawa. Nilikimbia kuwatangazia wenzangu kwamba nimemnyamazisha, nao wakanibeba mabegani wakishangilia.

Muda wa kutengwa ulipokwisha, majirani walimletea zeze jipya. Alilitundika ukutani, na harusini akawa anakaa na wapishi.

Mila ilikataza kugusa, haikukataza kusikiliza. Hilo nililijua nikiwa mtu mzima, shangazi akiwa bado hai, na sikwenda kumwomba radhi.