Majembe Mawili Nyuma ya Mlango

Nilikuwa mwaka wa pili wa saikolojia, Gitega, siku mwalimu alipoandika swali moja ubaoni kwa Kifaransa. Tunalia kwa sababu tuna huzuni, au tuna huzuni kwa sababu tunalia? Wenzangu walinakili. Mimi lilinikwama kama mwiba wa samaki kooni. Nilimuuliza mama mmoja anayekaanga mandazi karibu na chumba chetu cha kupanga, mtaa wa Yoba, akasema yeye akilia ni moshi. Nikamuuliza mwenzangu wa chumbani, binti wa wafanyabiashara wa Muyinga mjini.

"We, maswali yako itakumaliza," alisema. "Mi nikilia, nalia tu. Après, nalala."

Nilizaliwa na kuuliza. Marehemu mama aliniita Binti Kwa Nini.

Swali lile lilikuwa na mahali pa kwenda. Nyumbani kwetu Buhinyuza, upande wa Muyinga, baba alikuwa hajashika jembe tangu tumzike mama mwanzoni mwa kiangazi. Katika ukoo wetu mfiwa halimi mpaka siku ya kuganduka, yaani siku ndugu na majirani wanapokusanyika kumaliza matanga rasmi. Baba alikulia Tanzania, akarudi Burundi akiwa mtu mzima, na desturi nyingi za huku huwa anazicheka. Hii aliing'ang'ania. Aliteka maji, alilisha mbuzi, alitengeneza zizi, lakini jembe lake na la mama yalibaki yameegemeana nyuma ya mlango. Na mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Asiyepanda maharage wakati ule, mwezi wa kwanza atakula nini?

Baba mdogo alinipigia simu: kuganduka ni Jumamosi. Nikapinga. Nilimwambia nimemtazama baba vizuri likizo nzima, halali, chakula anakichokonoa tu, bado hayuko tayari. Nikaongeza kwamba huzuni haiondoki kwa tangazo.

"Mi sijasoma kama we," alisema baba mdogo, ambaye hajawahi kuhama Burundi. "Lakini tukingojea roho yake itulie, mvua itaisha. Alafu we utamulisha na hiyo saikoloji?"

Nilikasirika, nikakata simu. Kisha udadisi ukanishinda. Swali la mwalimu, kama kinachotangulia ni mwili au moyo, lilikuwa linakwenda kujaribiwa kwetu, halafu mimi nikose? Ijumaa nilipanda basi.

Siku ya shughuli nilichagua mahali ambapo ningemwona baba usoni. Majirani walikuja na pombe ya ndizi na kreti za soda. Msemaji wa ukoo aliwashukuru waliotusaidia kuzika, akatangaza kwamba tangu siku hiyo tunaruhusiwa kulima, kucheka, hata kuoa. Shangazi mmoja akamtupia baba jicho la pembeni, watu wakaangua kicheko, na baba akacheka pia. Nilimkazia macho. Kicheko kiliishia mdomoni. Nikajisemea, si nilisema mimi?

Asubuhi, uji haujachemka, jembe moja halikuwepo nyuma ya mlango. Nilimfuata baba shambani na kikombe. Alikuwa ameshalima kipande kizuri, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Baba, unajisikiaje?"

Aliegemea mpini akafikiri kwa kweli. Ndiyo maana nampenda, hanijibu ovyo hata siku moja.

"Mikono imefurahi," alisema. "Mimi mwenyewe bado."

"Na hiyo inatosha?"

"Kwa leo inatosha. Mikono imetangulia, labda nami nitaifuata." Alikunywa uji, akanirudishia kikombe. "Na wewe je, mwanangu?"

"Mimi nini?"

"Tangu msiba unanitazama mimi. Nimelala vipi, nimekula kiasi gani, nimecheka kwa mdomo au kwa macho. Unadhani sikuoni? Wewe mwenyewe sijakuona ukilia, hata makaburini."

Nilimwambia niko sawa, masomo ni mengi.

"Kalete lile la pili," alisema.

Nilikwenda kulileta. Mama alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na mpini wa jembe lake umelika pale alipokuwa anakamata. Nilijaribu kulishika kwa kawaida yangu ya mkono wa kulia, likanikataa, vidole havikupata pa kukaa. Nikabadilisha mikono, nikashika kama yeye. Vidole vikaingia mahali pake. Nililima vibaya mno, jembe linakwenda upogo, udongo unanirukia miguuni. Nikainua tena, nikapiga tena, na machozi yakaanza kutoka nikiwa bado sijajua kwamba nina huzuni. Kisha nikajua. Nilimlilia mama yangu kwa sauti, kama mtoto aliyeachwa sokoni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma saikolojia sikutaka kumuuliza mtu chochote.

Baba hakusimama wala hakunibembeleza. Alisogea upande wa kulia, akaniachia wa kushoto aliokuwa analimia mama, tukaendelea kulima.