Zuhura Juu ya Mfereji wa Mbotela

Ukuta ulio kando ya mfereji, ile koki ya maji ya mtaa wa Mbotela, haujachorwa tena tangu Desemba ile ya mvua kubwa, mwaka wa 1997. Mwezi ulipoandama Januari, akina mama waliofika kuchota maji waliutazama kwa mazoea tu, wakakuta saruji tupu.

Aliyekuwa akiuchora ni Nzau, karani wa bohari moja ya Eneo la Viwanda. Kila mwanzo wa mwezi alinakili kwa chaki, kutoka gazeti la ofisini, mahali ambapo mwezi na sayari zingeonekana: mstari wa mapaa ya mtaa, duara la mwezi, nukta za Zuhura na Mirihi, na tarehe chini yake. Alianza kwa ajili ya mkewe, Kavutha, aliyechota maji jioni na kupenda kujua atazame wapi. Ndoo ikijaa polepole, wawili hao walisimama wakiangalia juu. Kavutha alipofariki, Nzau aliendelea kuchora. Watu walikuja, wakachota, wakaenda zao. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Desemba ile Zuhura iling'aa magharibi kama taa iliyosahaulika. Mirihi ilikuwa karibu yake, Mshtarii juu kidogo, Zohali karibu na utosi wa anga. Jumatano mwezi mwembamba ungefika kando ya Zuhura, na Nzau hakutaka kuutazama peke yake. Chini ya mchoro akaandika, kwa herufi kubwa alizozikandamiza: Jumatano saa moja jioni. Njooni.

Mvua ya Jumanne ilifuta mchoro. Maneno yakabaki.

Mafuriko yalikuwa yamepasua bomba, na mfereji ulikuwa mkavu wiki nzima. Jumatano jioni mawingu yaliachana. Nzau akatoka na kigoda cha Kavutha, akakuta watu wamejaa. Alisimama kwanza, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Mmekuja," alisema.

"Tumekuja, mzee," akajibu Jecinta, jirani wa mlango wa pili. "Sasa inafunguliwa saa ngapi?"

"Nini?"

"Si maji! Si ni wewe umeandika?"

Ndipo alipoiona mitungi, imepangwa foleni hadi barabarani. Aliweka kigoda chini, akanyoosha mkono magharibi.

"Niliandika kuhusu ule. Mwezi na Zuhura. Hebu tazameni."

Wengine waligeuka.

"Mzee, hiyo ntaoga nayo?" aliuliza Gachanja, fundi wa viatu. Kicheko kikalipuka.

"Wacha ujinga, wewe," alimkemea Kasiva, mpangaji mgeni. Kisha akamgeukia Nzau. "Ni mzuri, baba. Lakini nina watoto hawajaoga tangu Jumapili."

Kasiva alikuwa ameweka mtungi wake juu ya kigoda cha Nzau usishike matope. Akauinua, akaomba radhi, akaondoka.

Mitungi mitupu iligongana vichochoroni, kisha ikanyamaza. Nzau alibaki amesimama, kigoda kando yake, hadi Zuhura ilipozama nyuma ya mapaa. Kabla ya kuingia ndani alifuta maneno yale kwa mkono wa shati, mtu asije akapanga foleni bure tena.

Mwaka uliofuata alistaafu. Sasa anaishi Mutomo, kwa binti wa dada yake. Kigoda alimwachia Kasiva.