Ghorofa ya Stoo ya Tumbaku

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwangua ukuta mmoja tangu asubuhi hadi jioni, na sikutoa neno. Ilikuwa Iringa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika ghorofa la zamani lenye maduka chini na vyumba vya kupanga juu. Nilikuwa nimetoka Igowole na cheti changu cha darasa la saba na shati moja la kutokea. Fundi Mkuu wa kikosi chetu cha wapaka rangi alinipa kisu butu cha kukwangulia, akanionyesha ukuta, akaenda zake. Alirudi saa kumi.

"Kamwene," alinisalimu Kihehe.

Nikainamisha kichwa.

"Mama yako alikuzaa na ulimi, au uliusahau kwenye basi pale Nyololo?"

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Aliupapasa ukuta kwa kiganja, polepole, kutoka dirishani mpaka mlangoni.

"Mkono unao," akasema. "Lakini mpaka rangi huajiriwa kwa mdomo. Mwenye nyumba akitaka jambo lisilowezekana, ni wewe wa kumwambia. Siku nitakayokusikia ukisema 'hapana, mama', ndiyo siku nitakuacha ufanye kazi peke yako."

Nilikaa naye miaka minne. Neno hilo hakulisikia.

Nieleze kidogo jinsi watu walivyoajiri fundi wakati huo, maana leo mtu anaita fundi kwa simu na kumwona kwa mara ya kwanza akiwa tayari juu ya ngazi. Sisi tulikaa barazani kwa muuza vifaa vya ujenzi, kila mmoja na kopo lake la brashi. Mwenye nyumba mwenye akili aliomba kwanza kuona brashi. Akikuta nywele zimegandamana kwa rangi ya mwaka jana, aliaga kwa adabu akahamia kwa fundi wa pili. Akiridhika, alikupeleka nyumbani ukasome ukuta.

Kusoma ukuta ni kukwangua sehemu ndogo nyuma ya mlango, mahali pasipoonekana, ili kujua kuna nini chini. Majengo yale ya zamani yalikuwa na tabaka nyingi. Chini kabisa chokaa, juu yake rangi ya unga iliyokorogwa kwa maji, juu yake rangi ya mafuta ya kijani au ya samli, kila mpangaji na yake. Rangi mpya hushika ile iliyo chini yake tu. Ya chini ikiachia, zote zinaanguka kama maganda ya kitunguu. Ndiyo maana Fundi Mkuu aliwaambia wateja mbele yetu, bila aibu: "Fundi akikutajia siku ya kumaliza kabla hajakwangua, usimpe kazi. Hata akiwa ni mimi."

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya stoo. Katika majengo kadhaa, ghorofa ya juu haikujengwa kwa ajili ya watu. Ilihifadhi ngano, pareto, ngozi au tumbaku. Mji ulipojaa, stoo hizo zilikatwa kwa mbao zikawa vyumba, na kila stoo ilibaki na ugonjwa wake. Ya ngozi huacha chumvi ukutani, na chumvi husukuma rangi. Ya tumbaku huacha maji ya kahawia ndani ya plasta, pamoja na harufu. Ukipaka rangi nyeupe juu yake inapendeza siku chache, halafu doa linarudi. Dawa yake ni kuosha ukuta kwa maji ya moto ya magadi, kungoja ukauke, kuosha tena, kisha kuufunga kwa shelaki, utomvu mkavu wa kuzuia doa, iliyoyeyushwa kwa spiriti. Hapo ndipo unapaka rangi. Wiki mbili, kama hali ya hewa ni nzuri.

Hayo yote niliyajua vizuri nilipopelekwa Mbeya. Fundi Mkuu alinisindikiza stendi.

"Nakuacha uende, ingawa ile 'hapana' sijaisikia," alisema. "Kaisemee huko."

Mbeya mkubwa wetu alikuwa Afisa Majumba, mtu mrefu aliyevaa tai hata Jumamosi. Ofisi yake iligawa vyumba vya juu kwa watumishi, wauguzi na walimu, kwa sharti moja: mpangaji mwenyewe atafute fundi, chumba kifae, kisha Afisa aje kukagua. Asiporidhika, chumba kinakwenda kwa jina linalofuata.

Jumatatu moja muuguzi wa hospitali alinifuata barazani. Alikuwa na sare nyeupe na koti la sufi juu yake. Jina lake Atupele.

"Wewe ndiye fundi wa rangi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nionyeshe brashi zako."

Aliingiza vidole katikati ya nywele za brashi kwa makini, kama anayetafuta chawa. Kisha akasema, "Twende."

Chumba kilikuwa juu kabisa, chini ya bati, kirefu, na madirisha mawili yaliyoutazama mlima Loleza. Kabla sijakwangua nilishanusa. Nyuma ya mlango kisu kilitoka na unga wa kahawia. Tumbaku ya Chunya, ya miaka mingi.

"Afisa anakuja Ijumaa," Atupele alisema. "Mama yangu yuko kule Rungwe, macho yanamharibikia. Nikipata chumba hiki atalala hapa akitibiwa. Nikikosa, sijui nitamweka wapi. Ijumaa utakuwa umemaliza?"

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Alikuwa ananitazama, na ametabasamu kidogo, kama mtu anayeomba.

"Nitamaliza, Sista," nikasema.

Ijumaa kuta zilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo. Afisa Majumba alibonyeza ukuta kwa kidole, akatazama kidole, akasema, "Safi." Jumapili mama alifika na mikungu miwili ya ndizi. Wiki ya tatu Atupele alirudi barazani. Hakunisalimu.

"Njoo uone."

Madoa yalikuwa yameshuka kutoka kwenye boriti, kana kwamba mtu amemwaga chai ukutani. Mama alikuwa amekaa kitandani, uso ameuelekeza dirishani.

"Atupele," aliita, "huyu bwana anayevuta tumbaku humu ndani ni nani? Mbona hunitambulishi?"

"Mama, hakuna bwana."

"Mimi naumwa macho. Pua ni nzima."

Atupele alinigeukia. "Na huko wodini wagonjwa wananiuliza, Sista, unavuta sigara gani? Sare naifua kila siku. Fundi, ulijua hili?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Basi rekebisha," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko kukasirika.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Iringa kumweleza Fundi Mkuu. Alinisikiliza akisafisha brashi.

"Ungemwambia ukweli, mngekwenda wote kwa Afisa kuomba wiki mbili. Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya."

"Haya yako wewe, lakini anayelala kwenye harufu ni mama wa mwenzako." Akanipa chupa ya shelaki, ambayo Mbeya haikupatikana. "Nenda. Na safari hii usikimbie."

Nikaanza upya, bila malipo, kila Jumapili baada ya wao kurudi kutoka kanisani. Nilihamisha vitu upande mmoja, nikaosha ukuta mmoja, nikaungoja. Jumapili iliyofuata niliosha tena. Atupele alishika ngazi kwa mikono miwili, ingawa ngazi ile ilikuwa imara na haikuhitaji kushikwa. Mama alisimulia habari za Rungwe, mvua isiyokatika, majirani wanaogombea mipaka ya migomba, na kila akimaliza aliuliza, "Fundi, upo?"

"Nipo, mama."

"Ndaga," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Leo umesema maneno mawili. Kesho itanyesha."

Tukala ndizi za kupika na maharage, watatu kwenye sinia moja. Kazi ile ningeweza kuimaliza kwa Jumapili tano. Ilinichukua Jumapili tisa. Nilipiga msasa mahali palipokwisha kuwa laini. Niliziba nyufa ambazo hata mimi nilizitafuta kwa kuinama. Rangi ya mwisho Atupele aliichagua mwenyewe, kijani chepesi kama jani la mgomba linapoanza kufunguka, ili mama yake macho yakipona aone kitu cha kwao. Nilizichanganya rangi mara nne mpaka akasema hiyo hiyo.

Macho ya mama yalipona, jicho moja vizuri na jingine kidogo. Siku alipofunguliwa bandeji alinitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni kijana!" akasema. "Kwa ule ukimya nilidhani tunakaa na mzee wa kanisa."

Atupele alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka. Sikumbuki kucheka hivyo mahali pengine kazini.

Mama alirudi kwao. Jumapili iliyofuata nilikwenda kuchukua ngazi, maana hapakuwa na kazi iliyobaki. Atupele alikuwa amekaa dirishani na barua mkononi.

"Wananihamishia hospitali ya Iringa," alisema. "Daktari anasema nikitaka naweza kukataa. Ninayo wiki moja ya kujibu." Aliikunja barua mara mbili, akaikunjua tena. "Wewe unaonaje, fundi? Niende au nibaki?"

Nilielewa alichokuwa ananiuliza. Sitajidanganya uzeeni kwamba sikuelewa. Chumba kilinukia rangi mpya, na yeye alinisubiri. Nilishika ngazi.

"Iringa kuna upepo," nikasema, "lakini utazoea."

Alinitazama kidogo. Kisha akatazama nje.

"Haya, fundi," akasema. "Asante kwa kazi."

Aliondoka kabla mwezi haujaisha. Mimi nikaomba kazi mbali, nikapaka nyumba za Makongolosi kwa muda, vumbi la huko likiingia hadi ndani ya makopo, kisha nikarudi Mbeya na kubaki mpaka nilipostaafu. Nilioa mwanamke mwema, na watoto wangu wawili wameifuata kazi hii. Neno 'hapana' nilijifunza baadaye. Nimelisema kwa wenye nyumba wengi, mameneja na wachungaji, na hakuna aliyeninyima kazi kwa sababu hiyo. Wengi walinishukuru. Hilo ndilo linaloniuma ninapolikumbuka: kwamba lilikuwa neno jepesi.

Vijana wananiuliza kama niliwahi kuharibu kazi. Mbili. Ya kwanza nimeshaieleza. Ya pili ilikuwa katika chumba kile kile.

Alipohama Atupele, kabla sijaondoka kwenda Makongolosi, Afisa Majumba aliniita. Mpangaji mpya alikuwa karani, na ofisi ilitaka kuta zote ziwe nyeupe. Nilipanda na makopo yangu. Sisi tabaka moja la rangi huliita mkono, na kijani kama kile, ili kipotee kabisa chini ya nyeupe, kinahitaji mikono mitatu. Nilipiga mkono wa kwanza. Nikangoja. Nikapiga wa pili. Kisha nikafunika kopo, nikaosha brashi kwa tapentaini, nikaketi sakafuni nikiutazama ukuta mpaka Afisa alipofika.

Alibonyeza ukuta kwa kidole, akakitazama. Akasogea karibu na dirisha, pale mwanga ulipoingia kwa ubavu.

"Fundi, hapa mbona naona kama kuna ukijani?"

"Ni ubichi wa rangi, Bwana Afisa," nikasema, bila kutazama chini. "Ikikauka hutauona."

Ilikauka. Asubuhi, jua likipiga dirisha lile, ukijani ulionekana.