Mzizi wa Jangwani Jikoni Kwangu

Mume wangu alinipa mimi, mke mkubwa, dawa ya kumwongezea nguvu za kwenda kwa mke mdogo, eti nimchemshie. Hilo sijamsamehe, na sina mpango huo.

Tulikuwa Nachingwea, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, dawa za Kichina zilipokuwa zimeshika soko. Mke mdogo alikaa Ruangwa, bado binti mbichi kabisa, na mume wetu alishakula chumvi nyingi. Kila zamu ya kwenda huko ilipokaribia, alianza kulalamika mgongo.

Muuzaji wa dawa alikuja mpaka nyumbani, akanywa chai yangu. Alitoa vipande vya mzizi mweusi, akaeleza kwamba unaota jangwani huko China, hauna jani la kijani hata moja, unang'ang'ania mizizi ya kichaka kingine na kukinyonya. Nikamtazama mume wangu.

"Wachina wanaupika na nyama ya kondoo," alisema muuzaji. "Unatia figo joto, unakaza kiuno, mwanaume anarudi ujanani." Halafu, huku anafunga mfuko wake, akaongeza kwamba hata wazee waliofunga choo hupewa, unalainisha tumbo.

Chumba cha pili alikuwa amelala mama yangu. Nilimtoa kijijini kwake Nambambo kwa shida hiyohiyo: tumbo limemjaa, choo hakuna, chakula hakipiti, na vidonge vya hospitali havikumsaidia. Nilikuwa nimemwomba mume wangu tumpeleke hospitali kubwa ya Lindi. Akasema nisubiri korosho ziuzwe. Mzizi wa jangwani aliulipia palepale, haukusubiri korosho.

"Mama watoto, nipikie mzizi huu na supu ya mbuzi," mume wangu aliniambia muuzaji alipoondoka. "Yule mwenzio hajui mambo ya kuchemsha."

Damu ilinichemka kabla ya sufuria. Nilichukua makopa, ile mihogo mikavu tunayotwanga unga, nikayaloweka kwenye chai ya rangi iliyokolea mpaka yakawa meusi. Nikayachemsha na nyama ya mbuzi, nikatia tangawizi na pilipili manga za kutosha ili yamchome na aamini. Alimaliza bakuli, akajifuta jasho.

"Naisikia inapanda," akasema.

"Alhamdulillahi," nikamjibu. Akapanda lori la Ruangwa.

Mzizi wenyewe nilimtilia mama kwenye uji, kidogo kidogo. Asubuhi ya pili aliniita nimshike mkono kwenda chooni, na aliporudi aliomba chakula. Nililia kwa furaha peke yangu jikoni.

Mume alirudi kabla ya zamu kwisha, uso umemshuka, akiwalaani Wachina wote. Nilimpa pole kwa sauti tamu ajabu, nikamuuliza kama nizidishe kipimo. Akasema nizidishe. Nikazidisha makopa, na safari iliyofuata akarudi mapema zaidi.

Kwetu mkwe na mama mkwe hukaa mbalimbali kwa heshima. Hawali pamoja, hawapigi soga, ndiyo maana hakujua kinachoendelea chumba cha pili. Lakini heshima haikatazi shukrani. Mama alipopona na kujiandaa kurudi Nambambo, nilimwambia aliyenunua dawa ni mkwe wake, kwa hiyo amshukuru. Siku niliichagua mwenyewe. Ilikuwa Idi, baraza imejaa marafiki wa mume wangu, na yule muuzaji yumo.

Mama alisimama nyuma ya pazia la mlango.

"Mkwe wangu, mie naondoka. Nashukuru sana mzizi ule wa Wachina. Mwanangu kanipikia wote, tumbo limefunguka. Mungu akuzidishie."

"Si niliwaambia!" muuzaji akapiga makofi. Wengine wakamsifu mume wangu, mkwe gani mwingine mwenye moyo kama wake.

Aligeuka akanitazama. Aliijua supu yake sasa, yote, tangu bakuli la kwanza. Na ili anigombeze, ingembidi kwanza awaambie wanaume wale mzizi aliununua wa nini.

"Amina, mama," akasema.

Nilikuwa nimeshampikia. Nikamwekea bakuli mbele yake, nikasimama hapohapo, na mbele ya wageni wote akayanywa makopa yangu mpaka mwisho.