Vijiko vya Bwana Povu

Mume wa mdogo wangu ni mpishi, na mimi pia ni mpishi, lakini atakayetuweka fungu moja nitamwambia aende akapimwe akili. Mimi napika shuleni. Nina masufuria ambayo ukiinama vibaya unatumbukia mzima, na mwiko wangu ukiusimamisha unanizidi kimo. Watoto wakishiba wakaanza kusinzia darasani, najua nimefanya kazi. Yeye anapika kwenye mgahawa wenye viti vinane. Si meza nane, nasema viti. Vimezunguka kaunta moja, wapishi wako katikati, na wateja wamekodoa macho utadhani wanaangalia mtu akifanyiwa upasuaji. Wanaletewa vyakula kumi na kitu, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kinaenea kwenye kijiko.

Siku alipotueleza kazi yake tulikuwa sebuleni kwa mama. Alisema anatengeneza povu la karoti. Mama akamuuliza, kwa upole kabisa, "Na hiyo karoti yenyewe, baba, anakula nani?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kuanzia hapo akawa Bwana Povu, na wala hakuona ubaya. Kwenye sherehe za ukoo nilikuwa namwita mbele za watu: shemeji, njoo ule chakula, kwenu huko mtu akitoka kula anapitia dukani kununua mkate. Anacheka, anakula sahani mbili, anaomba na ya tatu. Mpole hivyo hadi anakera.

Mdogo wangu hakuwa mpole. Alikuwa msusi, na msusi mwenye mdomo. Mteja akikaa chini ya mikono yake, mpaka nywele ziishe ameshajua ndoa ya nani ina ufa na nani kahama nyumba bila kulipa kodi. Kwa hiyo sauti ilipoanza kukwaruza tulimtania kwamba umbea umemkaba. Haukuwa umbea. Ulikuwa uvimbe kooni.

Waliuchoma kwa mionzi, na koo nalo likaungua. Nyie mnaomeza mate bila kufikiri, mshukuruni Mungu. Maji yalikuwa yanapita kwa machozi. Uji ulirudi. Akakonda, akakonda, pete ikawa inadondoka kidoleni akifua. Daktari akasema wazi, mbele yetu sote, kwamba asipoongeza uzito hawezi kuendelea na matibabu, mwili hautahimili. Na kama hawezi kula kwa mdomo, watampitishia mrija tumboni.

"Mrija hapana," mdogo wangu akasema. Baba yetu alikufa na mrija kama huo, na yeye ndiye aliyekuwa akimlisha kwa bomba la sindano. Daktari akabembeleza, mimi nikafoka, mama akalia. Hapana ikabaki hapana. Kwa hiyo ilikuwa ale kwa mdomo au tumpoteze, hakuna njia ya tatu.

Nilipika kufa na kupona. Nilisaga, nikachuja, nikachuja tena kwa kitambaa. Mimi ninayelisha shule nzima nilishindwa kulisha mtu mmoja, tena wa tumbo moja na mimi.

Ndipo Bwana Povu akaja na chupa yake ya chuma kutoka kazini, ile wanayoitia gesi. Alifunga taulo kiunoni, akasimama pembeni ya kitanda wima kama yuko mbele ya wateja. Kule kwao chakula hakiliwi kabla hakijatajwa. Mpishi anasema kuna nini ndani, ndipo mteja anashika kijiko. Akataja: "Karoti, tangawizi, siagi kidogo." Akaminya. Povu likatoka, jepesi, halina uzito wowote. Mdogo wangu akaliweka ulimini, akafumba macho, akameza. Tulisubiri kikohozi. Hakikuja.

"Tamu," akasema kwa ile sauti yake iliyokatika. "Tangawizi naisikia kwa mbali."

Shemeji alitoka nje akaenda kusimama karibu na kamba ya nguo. Nilimwona dirishani, mabega yanamtetemeka.

Tangu hapo alikuwa mtu mwingine. Asubuhi kabla ya kwenda kazini, mchana akitoroka, siku ya mapumziko kutwa nzima: povu la njegere, supu ya kuku iliyogandishwa ikawa laini kuliko jicho la samaki, matone ya machungwa yanayopasuka yenyewe mdomoni. Kila kitu alikitaja kwanza, na kila kitu mdogo wangu alikisifia. Leo limau limekuwa kali. Leo siagi imekolea. Anasema hivyo huku jasho limemtoka, kwa sababu kumeza kulimuuma, lakini alimeza. Na mizani ya hospitali ikaanza kupanda, kidogo kidogo. Daktari akasema tuendelee hivyo hivyo. Nikaanza kupanga safari za mwaka ujao kichwani mwangu, mimi mjinga.

Mwenye mgahawa, mama mmoja asiyecheka bure, akasikia habari. Akamwambia shemeji: Jumatatu tumefunga, mlete mkeo. Miaka yote ya ndoa yao mdogo wangu hakuwahi kukaa kwenye kiti kile. Ataanzia wapi, kiti kimoja ni mshahara wa mwezi.

Tukaenda mchana. Nilimfunga kilemba, nikambana gauni mgongoni kwa pini kwa sababu lilimpwaya. Chumba kilikuwa kidogo kuliko stoo yangu ya shule, kuta za kijivu, hakuna hata picha. Viti virefu. Nilimpandisha nikakaa karibu yake nimemshika kiuno. Shemeji alikuwa ng'ambo ya kaunta, aproni nyeupe imepigwa pasi, anapanga vijani kwa kibano kama cha kutolea mwiba. Alikuwa na furaha ambayo hata siku ya harusi yake sikuiona.

"Boga la kuchoma, mafuta ya ufuta," akataja. Mdogo wangu akameza. "Boga limeiva hasa," akasema, "na ufuta unakuja nyuma." Shemeji akaongezeka urefu. Mimi nami niliwekewa kijiko changu, na nakiri shingo upande kwamba kilikuwa kitamu. Ikaja biti, ikaja supu ya nyanya iliyochujwa mpaka ikawa na rangi ya maji. Kila kimoja kilitajwa, kila kimoja kikasifiwa.

Kisha akatuwekea vikombe viwili vidogo vya kioo. Ndani povu jeupe, juu vumbi la kahawia.

"Hiki sikitaji," akasema, ameegemea kaunta, meno yote nje. "Hiki mnaniambia nyinyi."

Ndio mchezo wa pale. Kila anayekiona anadhani ni maziwa yenye mdalasini. Kumbe ni vitunguu vya kuchoma na samaki wa moshi, na lile vumbi ni uyoga uliokaushwa. Kinaletwa baridi ili harufu isikichongee. Mteja anategemea sukari, anapata samaki, anaruka kitini, na wote wanacheka. Lakini hayo nimeyajua baadaye. Mimi nilipotia mdomoni nusura niteme. Nikacheka kwa sauti, nikamgeukia mdogo wangu nione naye anavyoshtuka.

Alikuwa analamba povu mdomoni taratibu.

"Maziwa yako matamu, mume wangu," akasema. "Iliki umeitia nyingi."

Nilidhani anatania. Kutania ndiyo ilikuwa kazi yake. Nikasubiri acheke. Lakini alikuwa anamtazama mumewe vile alivyomtazama kila siku baada ya kusifia, anangoja kuuona ule uso wake ukichangamka. Tabasamu la shemeji lilikuwa bado lipo kwa sababu tu alisahau kuliondoa.

"Ndiyo," akasema. "Iliki kidogo."

Mdogo wangu akanigeukia mimi. Mimi uso wangu haujawahi kuficha kitu, mama alikuwa anasema hivyo tangu nikiwa mtoto. Akanisoma. Akakirudisha kikombe juu ya kaunta.

"Si maziwa," akasema.

Friji lilikuwa linavuma nyuma huko.

"Tangu lini?" shemeji akauliza.

"Tangu mionzi. Ulimi umekufa. Kila kitu ni kama nalamba ukuta."

"Lakini karoti. Ulisema unasikia tangawizi."

"Wewe ndiye uliyeitaja. Mimi nilikuwa nakurudishia maneno yako."

Shemeji akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Kwa nini hukuniambia, mke wangu?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Akajikaza, maskini. Akachukua kijiko kingine, akakijaza kitu cha kijani, akamsogezea. "Basi hata kama huisikii ladha, meza tu. Mwili unahitaji. Meza kama dawa."

"Kila kijiko kinanichana," mdogo wangu akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nilikuwa nameza ili nione uso wako. Sasa uso wenyewe ndio huo. Dada, nirudishe nyumbani."

Hakuacha kula siku hiyo hiyo. Shemeji aliendelea kuja na chupa yake, anasimama wima, anataja. Alijilazimisha kutabasamu, mpaka nikatamani nimwambie aache. Mdogo wangu anameza kimoja, anatikisa kichwa. Sifa zilikuwa zimekwisha, na bila zile sifa kulikuwa na maumivu tu. Mizani ikashuka. Matibabu yakasimamishwa. Mrija akaukataa tena, safari hii kwa mkono, kwa sababu sauti ilishakwenda. Tulimzika wiki ambayo shule zilifungwa.

Bwana Povu amerudi kazini. Alimwomba bosi wake akiondoe kile kikombe. Bosi alimpa pole ya dhati, kisha akamwambia watu wanatoka mbali kuja kwa ajili ya kikombe kile. Kwa hiyo anakitengeneza, anakiweka mbele ya watu wanane, anasema hiki sikitaji, na anasimama kuwatazama.

Juzi alikuja jikoni kwangu shuleni, watoto wameshakula, mimi nasugua sufuria. Akakaa juu ya gunia.

"Wanaruka wote, shemeji," akasema. "Hakuna hata mmoja asiyeruka." Akaongeza, "Ningetaja tu. Vitunguu, samaki, uyoga. Angesema samaki anamsikia kwa mbali, na angemeza."

Nilitaka kumwambia si kweli, ugonjwa ulikuwa ugonjwa, siku zake zilikuwa zimefika. Ndivyo watu wanavyosema. Lakini ile mizani niliiona kwa macho yangu ikipanda, na shemeji naye alikuwa amesimama hapo hapo karibu yangu. Nikaendelea kusugua sufuria.